Mwimbaji alikuwa mbaya, wimbo ni mzuri. Niufanyeje?

#1 Fundi Kanda (mwenye uzi)

Asalaam alaykum wana jukwaa, na wengine habari zenu. Uzi ni mrefu kidogo, tieni chai kabisa.

Kazi yangu ni kuhamisha kanda za zamani. Mtu analeta kaseti ya harusi ya mamake ya mwaka 1983, mimi naisafisha, naipitisha kwenye deki, namtilia kwenye flashi. Kibanda kiko nyuma nyuma huku Kibokoni, Mombasa, nusu simu nusu redio. Marehemu ami yangu aliniachia sanduku la kanda hamsini. Nyingi alizirekodi mwenyewe harusini, kipaza sauti amekifunga kwenye mguu wa kiti, na ukitega sikio vizuri unasikia wanawake wakiitana na sinia zikigongana.

Wiki iliyopita kaja mama mmoja kutoka Majengo. Bintiye anaolewa mwezi ujao. Anataka wimbo mmoja tu, ule wa wasia: baba anamuaga mwanawe, anamfunza haya na subira, kisha ubeti wa mwisho anamgeukia bwana harusi, anamwambia huyu nimekupa amana, usimnyanyulie mkono. Nikauchimbua sandukuni. Utepe ulikuwa umelegea, nikaukaza kwa kalamu ya Bic, nikapangusa kichwa cha deki kwa spiriti, nikawasha. Sauti ikatoka kama imeimbwa jana.

Mamangu alikuwa amekaa barazani anachagua mchele. Ubeti wa pili haujaisha kaingia, kazima deki mwenyewe. Nawaapia, mama hajawahi kuigusa deki ile tangu niinunue. Akasema, "Huyu tulipakana naye ukuta." Basi. Akarudi kwenye ungo wake.

Usiku ndipo aliponipa yaliyobaki. Mama alipokuwa msichana, mwimbaji yule alikaa nyumba ya pili kichochoroni mwetu. Mkewe alikuwa akilia usiku mpaka nyanya anagonga ukuta kwa mchi wa kinu, ajue kuna watu wanasikia. Kuna asubuhi alikuja kuazima mtandio mpana, jicho limevimba halifunguki. Na jioni ya siku hiyohiyo mumewe alikuwa kwenye harusi mtaa wa pili anaimba wasia huu, watu wanamtunza noti mpaka zinadondoka kwenye mkeka.

Jina sitaji, wala msinifuate inboksi. Ameshafariki, na watoto wake wapo, wengine twasali nao safu moja.

Sasa nauliza. Huyu mama wa Majengo nimtilie wimbo wake nikae kimya? Nimwambie? Na kuna jingine linaloniwasha zaidi. Tangu siku ile nimeusikiliza tena mara nne, nimetia hedifoni mama asisikie. Natafuta mahali ulipoharibika, sipaoni.

#2 Chumvi Nyingi

Wimbo haujampiga mtu. Hamisha, chukua pesa, kula.

#3 Msee wa Bombolulu

Niaje wazee. Mimi ni makanga, gari yetu inapiga Bombolulu–Posta. Dereva wangu ana flashi moja tangu enzi za Nuhu, R. Kelly, yule mwimbaji wa Marekani, amejaa mle. Kuna siku dada mmoja wa chuo kasema zima, huyo jamaa kafungwa kwa kuharibu watoto. Na ni kweli, mahakama ya New York ilimtia hatiani Septemba 2021, mwaka uliofuata akapigwa miaka 30. Dereva kakataa. Gari zima likawaka. Mzee mmoja anasema kesi za Marekani zatuhusu nini sisi. Mama mwingine anasema huo wimbo wa kuruka angani waliimba siku mwanawe alipomaliza nasari, sasa afute siku ile? Tulibishana kutoka Kengeleni mpaka darajani. Yule dada alikuwa keshashuka Kongowea zamani, na nauli alilipa.

Ukweli wangu: mimi nilikuwa upande wa dereva. Lakini tangu siku ile ule wimbo ukianza namwangalia abiria yeyote aliye na msichana mdogo, halafu naona haya. Sijui ni haya ya nini, sijafanya kitu. Sasa hivi naurusha kabla haujaanza. Dereva anadhani flashi imekwaruza.

Na tusijifanye watakatifu. Julai 2016 Koffi Olomidé, mwanamuziki wa Kongo, alinaswa kwenye video akimrushia teke mcheza shoo wake pale uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi. Akakamatwa, akafukuzwa nchini, shoo ikafutwa. Nchi nzima ilikuwa moto. Mwezi haujaisha, klabu za Mtwapa zilikuwa zinampiga kama kawaida, na waliokuwa wakicheza ni walewale waliotukana kwenye simu.

#4 Msimamizi

Nakumbusha: atakayetaja au kukisia jina la mwimbaji wa uzi huu, ujumbe wake utafutwa. Haijathibitishwa popote, na kuna familia.

#5 Bi Mwalimu Likoni

Fundi, umeniamsha. Nafunza fasihi kidato cha tatu na cha nne, na swali lako hunijia kila mwaka likiwa limevaa nguo nyingine.

Nikifika kwenye mashairi ya Abdilatif Abdalla, huwa naanza na maisha yake. Mzaliwa wa hapa hapa Mombasa, alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya karatasi iliyouliza Kenya inakwenda wapi, akatoka 1972. Kila mwaka lazima mtoto mmoja anyooshe mkono: "Mwalimu, aliiba nini?" Kwao mtu aliyefungwa ni mwizi tu. Nawaambia mashairi yale aliyaandika kwa siri gerezani, kwenye karatasi za chooni. Kisha nawaambia kwamba mwaka 1973 yalitoka kitabuni, *Sauti ya Dhiki*, na mwaka 1974 kikapata tuzo iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais yuleyule ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Darasa linanyamaza. Wengine wanacheka.

Nalitaja hili kwa sababu tukisema "msanii mbaya", swali langu la kwanza ni mbaya kwa kitabu cha nani. Serikali ilimwita mhalifu. Hadhi ya shairi haikushuka kwa hilo, na kwa wengine ilipanda. Kwa hiyo nawaogopa sana watu wenye haraka ya kufungia kazi za watu. Leo watamfungia mpiga mke, kesho watamfungia aliyeuliza bei ya unga.

Lakini nami nisijifiche nyuma ya Abdilatif. Nyanya yako aliyegonga ukuta kwa mchi si serikali. Yeye hakuwa na la kufaidi. Habari ya jirani wa ukuta mimi naiamini kuliko ya gazeti, na kwa hiyo swali lako kwangu bado liko pale pale. Nitarudi, kengele ya feri inalia.

#6 Chumvi Nyingi

Mwalimu, feri ya siku hizi haiji mpaka umalize insha nzima. Andika tu.

#7 Mzee wa Kuze

Wanangu, nawasoma nyote mwasema "msanii, msanii" kama kwamba ni mtu mmoja. Taarabu ya hapa mjini haikuwa hivyo, na mimi n'likuwako.

Wimbo mmoja una watu wangapi? Kuna aliyetunga maneno, na mara nyingi si yule yuwaimba. Kuna sauti, na nyingi tulizichukua kwenye filamu za Kihindi, twaenda sinema mara tatu kuikariri, mara ya nne twarudi na wimbo wetu. Kuna mpiga tabla, kuna mwenye hamoniamu. Huyo mwimbaji ndiye aonekanaye kwa mato, basi watu hudhani wote ni wake.

Sasa huo wasia, Fundi, mimi naujua. Mtunzi wake alikuwa fundi cherahani hapa Kuze. Aliutunga bintiye alipoolewa Malindi, akakaa nao karatasini kama mwaka, ndipo mwimbaji akaja kuuomba. Alipewa pesa ya chai, sikwambii nyingi. Jina lake halikusemwa harusini hata siku moja. Wewe ukiutia moto wimbo ule kwa dhambi za mwimbaji, wamchoma fundi cherahani ambaye hata sifa hakuipata.

Na tena. Tungo za Muyaka bin Haji twazisoma leo kwa ndia gani? Muyaka ni mtu wa karne ya kumi na tisa mwanzoni, mwenyewe amekufa, mashairi yalikuwa vinywani mwa watu. Aliyeyakusanya ni Taylor, mmishenari wa Kiingereza, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua wa hapa Mvita. Taylor hakuja Mombasa kutuhifadhia mashairi, alikuja kutubadili dini. Lakini lau si karatasi zake, tungo zile zingetupotea. Haya, niambieni, na karatasi hizo nazo tuzikatae?

#8 Msee wa Bombolulu

Mzee leo umeshuka na stori za nguvu 🙌

#9 Fundi Kanda

Mzee wa Kuze, nimemsomea mama ujumbe wako neno kwa neno. Alikuwa anakuna nazi, hakusimamisha mkono. Akaniuliza, "Maneno hayakuwa yake, sawa. Na zile noti, zilitiwa mkononi mwa nani?"

Nikakosa jibu. Kwetu mcheza kwao hutunzwa, na anayetunzwa ni yule aliyesimama mbele yako, unamshika mkono kabisa, wengine wanambandika noti kwenye paji la uso. Mama hana ugomvi na shairi. Ugomvi wake ni ile noti. Anasema mke wa yule bwana alikuwa amekaa kwenye mkeka uleule, anaziona zinapita, na hakuna aliyemtazama.

#10 Mchora Vibao

Naingia kwa mlango wa nyuma, mimi si mtu wa taarabu. Nachora vibao vya maduka, Mwembe Tayari, siku hizi nusu brashi nusu kompyuta.

Mwaka juzi nilipewa kibao cha shule ya chekechea. Nikatumia herufi za Gill Sans, ni safi, mtoto anayeanza kusoma haimchanganyi "a" na "o". Nimezitumia miaka na miaka bila kujua Gill ni nani, nilidhani ni jina la kampuni. Siku hiyo nikatafuta mtandaoni. Eric Gill, mchongaji wa Uingereza, alifariki 1940. Mwaka 1989 ukatoka wasifu wake, na ndani yake, kutoka kwenye shajara alizoandika kwa mkono wake mwenyewe, ikajulikana kwamba aliwanajisi binti zake. Sanamu aliyoichonga ipo mpaka leo juu ya mlango wa jengo la BBC London, na Januari 2022 mtu alipanda na nyundo akaigonga.

Basi mimi niko na kibao cha watoto mbele yangu, rangi haijakauka.

Herufi ni ileile. "S" yake haina dhambi, nimeikagua kama Fundi alivyokagua kanda. Na Gill halipwi, amekufa. Mkurugenzi wa shule hajui, wazazi hawajui. Nilichofanya: nilikikwangua nikachora upya kwa herufi nyingine, mbaya kidogo kuliko zile. Kibao cha duka la saruji la wiki iliyofuata nikarudi kwenye Gill kama kawaida.

Mke wangu aliniita mnafiki. Labda. Lakini mimi naona herufi si kitu kimoja kila mahali. Kwenye saruji ni herufi. Juu ya mlango wanaopita wasichana wa miaka minne, kwangu mimi ninayejua, haikuwa herufi tu.

#11 Maalim wa Kisauni

Nilijizuia kuandika, maana mtasema maalim kaja kuharamisha ngoma. Suala la muziki wenyewe nina msimamo wangu, liacheni kando leo.

Mchora Vibao amegusa kitu ambacho sisi tunacho kwenye elimu yetu na nashangaa hakuna aliyekitaja. Katika hadithi za Mtume, maneno peke yake hayatoshi. Wanachuoni hutazama mlolongo wa waliopokea, mmoja baada ya mmoja: alikuwa mkweli? Kumbukumbu yake ilikuwaje? Mwenendo wake? Ikijulikana mmoja ni muongo, riwaya yake inaangushwa, hata maneno yawe matamu namna gani. Hapo tabia ya mtu ni sehemu ya kitu chenyewe. Huwezi kuzitenganisha.

Lakini wanachuoni haohao, wakitaka kujua maana ya neno gumu la Kiarabu cha Qur'ani, huenda kwenye mashairi ya zama za ujahili, kabla ya Uislamu. Imru'ul-Qays alikuwa mtu wa pombe na wanawake, na habari hizo kazisema mwenyewe ndani ya shairi lake. Shairi lile linasomwa mpaka leo, na waliolisomesha ni watu wa ibada. Kwa nini? Kwa sababu hakuna anayemchukua Imru'ul-Qays kama shahidi wa maadili. Anachukuliwa kama fundi wa lugha.

Basi naona tunachanganya kazi mbili. Kuna kazi iliyo kama mlango wa nakshi. Ukiufunga unafungika, awe seremala alisali au hakusali. Na kuna kazi iliyo kama ushahidi, uzito wake unatoka kwa aliyeutoa. Wimbo wa bahari, wa mapenzi, wa kumsifu ndege, huo ni mlango. Wasia ni ushahidi. Anaposimama mtu akasema usimnyanyulie mkono amana yangu, anakuomba umwamini kwamba yeye ni mtu wa kusema hivyo. Mama yake Fundi alizima deki kwa sababu alimjua shahidi.

Ila Mzee wa Kuze kaleta jambo zito. Kama mtunzi ni mwingine, na alitunga kwa bintiye wa kweli, basi hapa tuna sanadi dhaifu, yaani mlolongo wa wapokezi, na matini sahihi, yaani maneno yenyewe. Hutokea hata kwenye hadithi. Na ikitokea, wanachuoni hawatupi matini haraka. Hutafuta kama imekuja kwa njia nyingine, kwa mpokezi mwingine aliye safi.

#12 Chumvi Nyingi

Maalim ametuambia kwa heshima zote tutafute rimiksi.

#13 Maalim wa Kisauni

Umeelewa vizuri, ewe Chumvi.

#14 Mjukuu wa Bi Tari

Nyanya yangu aliimba chakacha na lelemama hapa Mombasa, na alikuwa anapiga tari. Nimesoma uzi wote huu na kuna kitu kinanichoma. Mnazungumza kama vile wasanii walikuwa hawahukumiwi kwa tabia mpaka tulipoanza sisi leo. Walikuwa wanahukumiwa! Ila inategemea nani.

Bwana anayempiga mkewe, mtaa mzima unasikia, kesho anaitwa "ustadhi" na anatandikiwa zulia. Nyanya yangu kosa lake lilikuwa kupanda jukwaani mbele ya wanaume wasiomhusu. Kwa hilo tu aliitwa majina ambayo siyaandiki hapa, na posa ya shangazi yangu ilivunjika. Hakuna aliyesema "tutenganishe kazi na mtu". Hata Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, ambaye sasa Waswahili wote twajivunia kwamba mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, alisemwa vibaya na kutungiwa maneno ya dharau kwa asili yake na sura yake. Aliyetoka kijijini akiuza vyungu atasimamaje mbele ya waungwana?

Kwa hiyo mimi nikisikia mtu anasema sanaa iachwe na sanaa, namuuliza, ulisema hivyo hivyo kwa wanawake? Kama hukusema, basi nyamaza na kwa huyu.

Fundi, mimi nasema mwambie yule mama. Si kazi yako kumchagulia, lakini si kazi yako kumficha pia.

#15 Bi Mwalimu Likoni

Nimerudi, na Mjukuu wa Bi Tari amenitoa nilikokuwa nimekwama. Naazima maneno yako kesho darasani.

#16 Babu Ngome

Mimi naongoza wageni kwenye ngome ya Fort Jesus. Wareno waliianza 1593 wakaimaliza 1596, ramani ilichorwa na Mtaliano, Cairati. Haikujengwa kwa kutupenda. Baadaye Waingereza waliigeuza jela, kuanzia 1895 mpaka 1958, na kuna wazee hapa mjini ambao baba zao walilala mle. Leo Jumamosi yoyote utakuta mabibi harusi wanapigwa picha ukutani, shela nyeupe kwenye mawe ya matumbawe, inapendeza sana. Sijaona bibi harusi aliyekataa kwa sababu ya mwenendo wa Mreno. Muda ukipita wa kutosha watu wanasahau, jiwe linabaki jiwe. Hata huyo mwimbaji, ngojeni miaka mia.

#17 Sikio la Nyali

Babu, muda peke yake hautoshi. Chukua Wagner, mtunzi wa muziki wa Ujerumani. Alifariki 1883. Mwaka 1850 aliandika makala ya kuwatukana Wayahudi, na baadaye Wanazi wakaufanya muziki wake wimbo wa nyumbani kwao. Okestra ya Wayahudi kule Palestina iliacha kumpiga mwaka 1938. Julai 2001 Daniel Barenboim, Myahudi mwenyewe, alipiga kipande chake Jerusalem, na kabla ya kupiga aliwauliza watu kama wanataka. Wengine walitoka nje kwa hasira, wengi walibaki wakapiga makofi. Miaka 118 tangu mtu azikwe! Hakuna noti inayomfikia, hakuna mkewe aliyekaa mkekani. Na bado.

Kwa hiyo hoja ya mama yake Fundi, ya noti, ni nzuri lakini haielezi wale waliotoka nje. Wao hawakuwa wanamnyima mtu pesa. Kwao ule muziki ulikuwa na sauti nyingine ndani yake, ya wale waliousifu huku wakiwapeleka watu kufa.

#18 Msee wa Bombolulu

Hiyo ndiyo mimi nasikia nikiwa kwenye gari. Sikuwa na maneno yake.

#19 Mzee wa Kuze

Sikio, umesema vema. Babu Ngome naye asituchezee, picha ya harusi ni kitu kimoja, lakini mle ndani mimi siingii. Babangu alikuwa mle miezi minane. Napita kwa nje, naenda zangu kunywa kahawa.

Maalim, kuhusu njia nyingine: iko. Wanawake wa Kuze waliuimba wasia huo jikoni wakipika pilau, hata kabla ya mwimbaji hajauchukua, maana waliupata kwa bintiye fundi cherahani. Mahadhi yao yalikuwa tofauti, ya polepole. Wawili wako hai. Mmoja ni mke wangu, na sasa hivi ameniambia niache simu nile.

#20 Mjukuu wa Bi Tari

MZEE. Mrekodini! Fundi, chukua mashine uende leo!

#21 Fundi Kanda

Wapenzi, narudi na habari, maana kuna watu wananiuliza kila siku.

Kwanza nilikwenda Kuze Jumapili baada ya alasiri. Bibi yake mzee kaniimbia beti nne, ya tano kaisahau, akacheka mpaka akashika mbavu, akasema nirudi akiikumbuka. Sauti imechoka lakini inashika. Nyuma inasikika sufuria ikichemka na muadhini wa magharibi mwishoni. Nimeihifadhi.

Jumatatu mama wa Majengo akaja. Nilimweka kitako, nikamwagizia kahawa na kashata, nikamwambia yote bila kutaja kichochoro chetu. Nikamwambia kuna njia mbili, ya mwimbaji na ya bibi wa Kuze, achague. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi: alie, akasirike, anikane. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapangusa vidole, akaniuliza:

"Ule ubeti wa mwisho, wa kumwambia bwana harusi asinyanyue mkono, upi wasikika vizuri zaidi?"

Nikamwambia, kusema ukweli, wa mwimbaji. Ile kanda ami aliirekodi vizuri, na ubeti ule jamaa aliupaza, ukumbi mzima unanyamaza. Wa bibi ndio huo anausahau.

"Basi nitilie huo. Nataka asikie. Ukumbi ni mkubwa na wanaume wa kwao hukaa nyuma wakizungumza." Kisha akasema nimtilie na wa bibi pia, huo ni wa jikoni asubuhi, wakati binti anapakwa hina. Mimi nilitaka shilingi 500, akanipa 300 akasema nyingine nikazichukue kwa pilau, maana ametualika nyumba nzima.

Nikamwambia mama. Alikaa kimya, nikadhani atakataa. Kasema atakwenda, mtoto wa watu hana kosa. Ila wimbo ule ukianza, yeye atatoka nje kuangalia viatu.

#22 Chumvi Nyingi

300 kwa nyimbo mbili? Fundi, umepigwa.